Kutoka “candidate” hadi kandili: maswali ya kila mara kuhusu mizizi ya Kilatini

Maswali haya yametoka katika darasa la jioni la Kiingereza ninalofundisha Mwanjelwa, Mbeya, kwenye chumba kilicho nyuma ya stesheneri. Wanaokuja ni vijana wa kidato cha tatu na cha nne, walimu wachache wa shule za msingi, fundi simu mmoja, na mama anayeuza viazi sokoni ambaye anauliza kuliko wote. Kila Januari wanaingia wapya, na kila Januari yanarudi yaleyale. Nimeyaandika ili anayechelewa kufika asinirudishe nyuma.

Kilatini hakina mtu anayekizungumza sokoni. Kwa nini nihangaike nacho?

Kwa sababu zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kubwa za Kiingereza yametoka huko, kwenye lugha ya Warumi wa kale, mengine moja kwa moja, mengine yakipitia Kifaransa. Maneno ya nyumbani kama “water”, “house” na “bread” hayamo katika hesabu hiyo. Hayo Waingereza waliyarithi kwa mababu zao wa Kigermani, ule ukoo wa lugha ambamo Kijerumani nacho kimo. Lakini fungua kitabu cha jiografia: “agriculture”, “population”, “erosion”, “evaporation”. Yote manne ni Kilatini. Na kwenye mtihani hakuna aliyeangushwa na “water”.

Wala si kazi ngeni kwenu. Mtu asiyejua Kiswahili akishika kitenzi kimoja tu, “andika”, haipiti wiki anakutana na mwandishi, maandishi, mwandiko, andikisha, andikiana. Akishaujua mzizi na vinavyobandikwa mbele na nyuma yake, hafungui kamusi mara tano. Kilatini nacho kilikuwa na “scribere”, kuandika. Humo ndimo lilimotoka “manuscript”, maandishi ya mkono, maana “manus” ni mkono. “Prescription” ni kilichoandikwa kabla, ndiyo sababu muuza dawa makini hakupi kitu mpaka aione karatasi ya daktari. “Subscribe” ni kuandika chini, yaani kutia sahihi chini ya karatasi kwamba umekubali. Kijana anayebonyeza neno hilo kwenye simu yake pale Kabwe anatia sahihi ya Kirumi na hana habari.

Maneno ya Warumi yalifikaje kwa Waingereza?

Yalikuja kwa awamu, na kila awamu iliacha maneno ya aina yake. Warumi waliitawala Britania kuanzia mwaka 43 hadi karibu 410, lakini Waanglia na Wasaksoni, ambao lugha yao ndiyo mama wa Kiingereza, walihamia huko baadaye. Walikwenda wakiwa tayari na maneno machache ya Kilatini waliyoyapata bara kwa biashara na vita: “street”, “wall”, “wine”, “cheese”. Mwaka 597 akafika mmisionari Augustino, ametumwa kutoka Roma, na Ukristo ukaja na maneno ya kanisani. “Candle” na “altar” ni ya mkondo huo. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, wakaiteka nchi, na Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikakaa mahakamani, ikulu na jikoni kwa wakubwa. Kisha kuanzia karne ya 16 wasomi wakawa wanachota Kilatini vitabuni kwa ndoo.

Ndiyo maana utakuta neno moja limeingia mara mbili kwa milango tofauti. “Frail” na “fragile” yote ni “fragilis”, chenye kuvunjika upesi. La kwanza lilipita Ufaransa likachakaa njiani, la pili lilitolewa kitabuni likiwa zima. Sisi wenyewe tunayo hayo: huku bara tunasema “shule”, kutoka Kijerumani, na Zanzibar wanasema “skuli”, kutoka Kiingereza. Fuata yote mawili nyuma, unafika “schola” ya Kilatini, ambayo nayo Warumi waliiazima kwa Wagiriki.

Tuonyeshe basi neno moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue “candidate”. Kila mtahiniwa wa kidato cha nne hukutana nalo, na kila mwaka wa uchaguzi linarudi kwa nguvu.

Kwanza ninalikata. Mwishoni kuna “-ate”, na katika majina kama hili hiyo huwa ni alama ya “-atus” ya Kilatini. Kazi yake ni kama ya “-wa” yetu katika “mtahiniwa”: mtu aliyefanywa jambo fulani. Kwa hiyo mbele ya macho yetu kuna “candidatus”, na kinachobaki ukiondoa mkia ni “candidus”, yaani cheupe. Sasa hapa pana utamu. Warumi walikuwa na weupe wa aina mbili. “Albus” ulikuwa weupe wa kawaida, usio na mng’ao. Huko ndiko lilikotoka neno “album”, ambalo mwanzoni lilikuwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo, na pia “albino”, lililopitia kwa Wareno. “Candidus” ulikuwa weupe unaong’aa, kama bati jipya juani. Candidatus basi ni mtu aliyevikwa weupe wa kung’aa.

Neno nimelikata, lakini maana bado haijaunga. Mtu wa mavazi meupe na mgombea wapi na wapi? Hapa ndipo watu huanza kubuni. Usibuni, tafuta desturi. Roma ya kale mtu aliyetaka cheo alivaa toga, lile vazi lao rasmi, ikiwa imepakwa chaki mpaka ing’ae, akashuka uwanjani kusalimiana na wapiga kura. Watu wakimwona kwa mbali wanajua: huyu anatafuta kura. Na ule mzunguko wake wa kusalimia huyu na kumshika mkono yule uliitwa kwa kitenzi “ambire”, kuzunguka. Kutoka huko tumepata “ambition”. Mama wa viazi aliposikia hivyo alicheka akasema, kumbe hata wao walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba.

Hatua inayofuata ni tarehe. Kiingereza kilianza kutumia “candidate” mwanzoni mwa karne ya 17, kwa hiyo ni neno la wasomi, lililotolewa kitabuni. Hilo linaeleza kwa nini halikuchakaa: ukiondoa mkia, herufi zake ni zilezile za Warumi.

Kisha ninatafuta ndugu. Nyuma ya “candidus” kuna kitenzi “candere”, kung’aa, kuwaka. Watoto wake ni wengi: “candid”, mtu mweupe wa moyo, asiyeficha; “incandescent”, ile balbu ya zamani ya uzi unaowaka; “incense”, ubani, kitu cha kuchomwa; na “candela”, ambayo kwa Kiingereza ni “candle”.

Sasa simama hapo kwenye “candela”. Neno hilo halikwenda kaskazini peke yake. Lilikwenda pia mashariki: Wagiriki walilichukua, kutoka kwao likaingia Kiarabu likawa “qindil”, na kutoka Kiarabu likavuka bahari mpaka kwetu. Sisi tunaliita kandili. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, na mtahiniwa akawasha kandili ya bibi yake kule Iwambi ili apitie madaftari, yeye na taa yake ni ukoo mmoja. Mmoja alipita London, mwingine alipita Uarabuni, wamekutana Mbeya.

Na “candy” je? Inafanana kabisa na “candidate”.

Hili aliuliza fundi simu, na nilimpongeza kwa kuuliza badala ya kuandika. Hapana, si ndugu. “Candy” limetoka katika neno la Kiarabu na Kiajemi la sukari, “qand”, ambalo asili yake ni Uhindi. Halina hata tone la Kilatini. Wala halihusiani na makande, kabla hamjaniuliza.

Nitajuaje basi kama maneno ni ndugu au ni majirani tu?

Kufanana kwa sura peke yake hakutoshi. Uliza mambo matatu: je, kuna maandishi ya kale yanayoonyesha neno likipita hatua moja hadi nyingine? Je, sauti zimebadilika kwa namna inayojirudia katika maneno mengine? Je, maana imehama kwa njia unayoweza kuieleza kwa desturi au kitu kilichokuwepo kweli? Likikosa moja, weka kalamu chini kwanza.

Mfano ninaoupenda ni wa parachichi, kwa kuwa Rungwe na Njombe kila mtu ana shamba lake au la shemeji yake. Kiingereza chake ni “avocado”. Ukilitazama kwa jicho la Kilatini unaona “advocate”, wakili, kutoka “advocatus”, aliyeitwa aje kusaidia. Ndani yake mna “vocare”, kuita, ambayo ndiyo imezaa hata vocha. Basi mwanafunzi mmoja aliniandikia aya nzima kwamba tunda hilo liliitwa hivyo kwa sababu linausaidia mwili kama wakili anavyomsaidia mshtakiwa. Aya nzuri, lakini tunda ni la Meksiko. Wanahuatl wa huko waliliita “ahuacatl”. Wahispania wakashindwa kulitamka, wakalivuta kuelekea neno walilokuwa wanalijua, na hilo lilikuwa neno lao la wakili. Kwa hiyo sura ni ya Kilatini, damu ni ya Meksiko. Mpaka leo Mfaransa akisema “avocat” inabidi usikilize vizuri kama anataka kachumbari au anataka kwenda mahakamani.

Mengine kwa haraka: “female” halikutokana na “male”, lilikuwa “femelle” huko Ufaransa, watu wakalibadili mkia ili lifanane na mwenzake. Na “island” si mtoto wa “insula” ingawa wasomi walidhani hivyo, wakachomeka “s” ambayo mpaka leo haitamkwi.

“Father” limetoka “pater” ya Kilatini, sivyo?

Sivyo, na hili linawachanganya hata walimu. “Father” na “pater” ni ndugu wa baba mmoja. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Lugha za Kigermani na Kilatini zilitokana na lugha moja ya kale zaidi, na mahali ambapo Kilatini kina “p”, Kiingereza mara nyingi kina “f”: “pater” na “father”, “piscis” na “fish”, “pes” na “foot”. Mabadiliko yanayojirudia namna hiyo ni ushahidi wa undugu.

Tazama nyumbani. Sisi tunasema mtu, Mhehe anasema munu, Mnyakyusa anasema umundu. Nani kaazima kwa nani? Hakuna. Kila mmoja kaurithi kwa mababu wa Kibantu. Ukimwambia mzee wa Kalenga kwamba Wahehe waliazima neno hilo kutoka Kiswahili, atakutazama kwa huruma.

Kinachochekesha ni kwamba “padri” wetu ndiye mtoto halali wa “pater”, kupitia “padre” ya Kireno. Kwa hiyo parokiani ukimwita “padri” umesema Kilatini, ukimwita “father” umesema Kigermani.

Ni kweli “salary” limetokana na askari wa Kirumi kulipwa chumvi?

Nusu ni kweli. “Salarium” limejengwa juu ya “sal”, chumvi. Hilo halina ubishi, na mwandishi Plinius Mkubwa wa karne ya 1 aliliunganisha na chumvi. Lakini hakuna andiko la Kirumi linalosema askari walilipwa kwa chumvi, wala kwamba fedha hizo zilikuwa za kununulia chumvi. Hadithi ilikuja kujazwa baadaye ili kuziba pengo.

Nakiri hadithi hiyo niliifundisha kwa miaka mingi, tena kwa mbwembwe, nikiigiza askari anayebeba gunia. Siku moja binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: “Mwalimu, samahani, huyo askari chumba alichopanga alikuwa analipia kwa vikombe vya chumvi?” Darasa likaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nikatafuta chanzo, sikukipata, na kesho yake nikafuta ubao mbele yao. Neno “mshahara” halina taabu hiyo: ni Kiarabu, limetoka “shahr”, mwezi, kwa maana ya malipo ya kila mwezi. Kama yanafika kila mwezi, hilo ni swali la darasa jingine.

Kwa nini malori ya mafuta yameandikwa “inflammable” ilhali yanawaka?

Anayekaa kando ya barabara ya Tunduma huyaona kila siku. “In-” ya Kilatini ni mbili. Moja ni ya kukanusha, kama katika “incorrect”. Nyingine ni “ndani” au “kuingia”, na ndiyo hii: “inflammare” ni kutia katika miali, kuwasha. Kwa hiyo neno linasema kitu hiki kinashika moto upesi. Kwa kuwa wengi walilielewa kinyume, na kosa lenyewe ni la kuua, karne ya 20 wenye viwanda na bima walianza kuhimiza “flammable”. Yote mawili yana maana ileile. Ukiliona lolote, zima sigara.

Kuna dawa ya kukosea “accommodation”?

Ipo. Kati ya Uyole na Tunduma nimehesabu vibao vya gesti vilivyokosa “c” moja, vilivyokosa “m” moja, na kimoja kilichokosa zote. Likate neno: “ad-” (kuelekea) na “com-” (pamoja) na “modus” (kipimo). “Ad-” ikikutana na “c” inageuka “ac-”, hivyo c mbili. “Com-” ikikutana na “modus”, m mbili. Hapo hukariri tena, unahesabu.

Msishangae “ad-” kugeuka. Tunasema nyumba nzuri, lakini hatusemi nyumba nbaya. Tunasema nyumba mbaya, kwa sababu midomo inayojiandaa kwa “b” inaivuta “n” iwe “m”. Warumi walikuwa na midomo kama yetu. “In-” mbele ya “p” au “m” ikawa “im-”, ndipo tukapata “impossible” na “immigration”. Pale mpakani Tunduma utaliona hilo la pili kwenye kibao, lina maana ya kuhamia ndani. Anayehama kwenda nje ni “emigrant”, kutoka “ex-”, nje. Moja ina m mbili, nyingine m moja, na sababu umeiona.

Ile “b” ya “debt” inafanya nini?

Haifanyi kitu. Kiingereza cha zamani kiliandika “dette”, kama walivyopokea kwa Wafaransa. Kisha wasomi waliokuwa wakijivunia Kilatini chao wakaona neno limetoka “debitum”, kinachodaiwa, wakairudisha “b” ili babu yake aonekane. Watu wakaendelea kutamka bila “b”. “Doubt” lilifanyiwa hivyohivyo, na “p” ya “receipt” pia. Kwa tahajia ni kero, kwa mfuatiliaji wa mizizi ni zawadi: herufi isiyotamkwa mara nyingine ni mlango ulioachwa wazi.

Kiswahili nacho kina Kilatini ndani yake?

Kimejaa, na kwa kuwa ndilo swali ninalolipenda, vumilieni.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na lugha yao ni Kilatini kilichozeeka. Meza ni “mensa”. Karata ni “charta”. Gereza limetoka “igreja”, ambalo kwao ni kanisa, kutoka “ecclesia”. Namna kanisa lilivyogeuka jela inahitaji jioni nzima. Wamisionari Wakatoliki wakaleta misa, ambayo imo katika maneno ya kufungia ibada ya Kilatini, “Ite, missa est”. Kitenzi chake ni “mittere”, kutuma, na ndicho kilichozaa misheni na, kwa kupitia Kiingereza, kamati, yaani watu waliokabidhiwa jambo. Wazee wa Tosamaganga waliosali misa ya Kilatini kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960 bado wanaweza kukuimbia “Gloria” bila kitabu. Na seminari? “Seminarium” ni kitalu cha miche. Mtu wa Mufindi aliyewahi kumwagilia miche ya miti au ya chai haelezwi zaidi; anajua kwa nini mahali pa kulelea mapadri paliitwa hivyo. Semina ya siku mbili yenye posho ni neno lilelile, ila miche yake sina uhakika kama inaota.

Nenda sasa stesheni ya TAZARA, ile reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Stesheni ni “statio”, mahali pa kusimama. Reli ni “regula”, kijiti kilichonyooka cha kupimia. Hichohicho kimetupa rula iliyo katika mkebe wa mwanafunzi. Reli na rula ni pacha, na ukiyatazama mataruma kwa mbali utaamini. Treni limetoka katika “trahere”, kuvuta, sawa na trekta linalolima mpunga Usangu, sawa na kandarasi, kwa kuwa “contract” ni kuvutana pamoja hadi mkubaliane. Mkandarasi asipolipwa, kuvutana kunaendelea.

Hata stesheneri tunayokaa nyuma yake imo humo. “Stationarius” alikuwa mfanyabiashara mwenye kituo chake, tofauti na anayetembeza bidhaa. Kwa maneno mengine, ni yule ambaye si machinga.

Na basi! “Omnibus” ni Kilatini cha “kwa wote”. Miaka ya 1820 Wafaransa waliliita hivyo gari la farasi linalobeba mtu yeyote mwenye nauli. Waingereza wakalifupisha wakabaki na “bus”, ambayo ni mkia tu wa kisarufi, hauna maana peke yake. Ni kama taifa fulani lichukue neno letu “mezani”, litupe “meza”, lianze kuita samani zote “ni”. Ila ile “basi” ya “basi, inatosha” ni nyingine, ya Kiajemi. Konda akisema “basi, basi limejaa”, ametumia lugha mbili zisizojuana.

Akaunti, kaunta na kompyuta, zote tatu ni “computare”, kuhesabu. Kaunti za Kenya hazimo. Hizo ni za ukoo mwingine.

Kwa nini mwenye PhD anaitwa daktari na hatibu mtu?

Swali sahihi ni kwa nini anayetibu anaitwa daktari. “Docere” ni kufundisha, na “doctor” alikuwa mwalimu. Waganga waliosoma vyuo vikuu ndio waliolichukua jina.

Je, maana ya asili ndiyo maana sahihi ya neno?

La hasha. Anayesema hivyo mwambie akuite “nice”. Neno hilo limetoka “nescius”, asiyejua, na Kiingereza cha zamani kilimwita hivyo mjinga. Au mwulize kwa nini Desemba, kutoka “decem”, kumi, ni mwezi wa 12. Mwaka wa Warumi ulianzia Machi, kisha kalenda ikasogea na jina likabaki. Sisi tunaelewa, maana siku zetu zina kisa hichohicho: Jumatano ni siku ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi, na Alhamisi nayo, kwa Kiarabu, ni ya tano ukihesabu kutoka Jumapili. Tano mbili zimefuatana na hakuna aliyewahi kukosa kikao kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kila neno gumu la Kiingereza ni Kilatini?

Hapana. “Coffee” ni Kiarabu, ndugu na kahawa yetu ya Mbozi. “Tea” na chai yote ni Kichina, yametoka matamshi mawili ya neno moja. “Potato”, mama wa viazi atafurahi kusikia, limetoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibiani. Pareto, ile ya maua meupe, ni “pyrethrum”, ambalo Warumi waliliazima kwa Wagiriki, na ndani yake mna neno la Kigiriki la moto. Ukikuta “ph”, “rh” au “y” katikati ya neno la kisayansi, piga hodi Ugiriki kwanza.

Nitumie kamusi gani?

Ile kubwa ya Oxford ndiyo inayoonyesha neno mwaka kwa mwaka kwa nukuu. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa 1884 na ya mwisho 1928. Bei yake si ya mshahara wa mwalimu. Kwenye intaneti kuna kamusi ya bure ya asili za maneno iliyotungwa na Douglas Harper, nayo inafunguka hata kwa simu ndogo na bando la mia tano. Wakati huohuo angalia mwisho wa maelezo ya kamusi yako ya kawaida: “L” ni Kilatini, “OF” ni Kifaransa cha zamani, “Gk” ni Kigiriki. Wengi wana kamusi hiyo miaka minne na hawajawahi kufika mwisho wa mstari.

Mwalimu, na “Mbeya” je, ni Kilatini?

Huyu aliuliza kwa utani, lakini nilimjibu. Linaelezwa kuwa limetoka kwa Wasafwa, wenyeji wa milima hii, katika neno lao “ibeya”, chumvi, kwa kuwa watu walikuja hapa kubadilishana mazao kwa chumvi. Nikamwambia alipime kwa maswali yetu matatu kabla ya kuliandika, maana mwalimu wake ameshaumbuliwa na chumvi mara moja. Wiki iliyofuata alikuja na bibi yake.